Kaburi Halina Ngazi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, jua limewaka hapa Kapseret mpaka ng'ombe wamekataa kutoka kivulini, na mimi nimekaa mlangoni mwa jikoni na tumbo kubwa, nachambua maharagwe. Ndani ya tumbo hilo ulikuwa wewe, Wekesa. Ulikuwa unapiga mateke usiku na mchana, sijui ulikuwa unaharakisha kwenda wapi. Na huko nyuma ya nyumba baba yako alikuwa anachimba shimo.

Nimeanzia hapo kwa sababu jana ulikuja na simu yako ukanionyesha picha za gereji unayotaka kujenga nyumbani kwako. Mabati hapa, meza ya spana pale, na katikati shimo la kusimama chini ya gari. Ukaniona nimenyamaza, ukadhani sijaelewa. Wee! Mimi nimeishi na shimo la makanika miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu. Nilinyamaza kwa sababu kuna jambo ambalo hatujawahi kukusimulia vizuri, mimi na huyu mzee aliyelala hapo kwenye kochi akijifanya hasikii. Leo keti nikwambie. Chai iko kwenye chupa, jimiminie. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Wakati ule baba yako alikuwa ameajiriwa kwenye gereji moja mjini. Magari mengi yalikuwa malori ya mahindi, na hakukuwa na shimo. Kazi ilikuwa unatandika gunia chini, unalala chali, unajisukuma chini ya lori, unatengeneza. Baridi ya asubuhi ya Eldoret unaijua. Sasa fikiria mtu amelalia mgongo kwenye ardhi hiyo kutoka alfajiri, mafuta yanamdondokea usoni. Alianza kukohoa. Mwanzoni kikohozi cha kawaida tu, halafu kikawa kikohozi cha kunikosesha usingizi. Daktari akamwambia, kijana, wewe acha kulala chini. Baba yako akarudi nyumbani akaniambia, "Nasimiyu, nitajenga gereji yangu hapa nyuma, na nitachimba shimo. Nataka kufanya kazi nikiwa nimesimama." Hiyo tu ndiyo ilikuwa hamu yake, kusimama. Nilimpenda sana siku hiyo, sitakuficha.

Tukakata mikaratusi ya nguzo, tukaezeka mabati ya mitumba, akaanza kuchimba. Lakini mama yake hatukumwambia. Hatukuwa tunamficha, tulikuwa vijana tu, tukadhani shimo ni shimo.

Sasa, mama mkwe wangu, nyanya yako, alikuwa anakaa Turbo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, anayetembea kama aliyetumwa na chifu. Siku hiyo ya jua kali aliamua kuja kuliona tumbo langu. Hakukuwa na simu za kupigiana kama sasa, mgeni alikuwa anatokea tu. Akaja na kuku kwapani na unga wa wimbi kwenye kikapu, na badala ya kupitia langoni akakata njia kupitia shambani, akatokea nyuma ya nyumba.

Baba yako alikuwa amechimba sehemu ya kwanza tu, urefu wa mtu, kina cha kifuani. Udongo mwekundu ameurundika kando. Amechoka, jua linamchoma, na ndani ya shimo kuna ubaridi mzuri. Akatandika gunia, akalala chali, akafunika uso kwa kofia, akaweka mikono yake kifuani. Usingizi ukamchukua.

Mama yake akafika ukingoni akaangalia chini.

Mwanangu, nduru aliyopiga mama yule sijawahi kusikia tena. Niliangusha maharagwe nikakimbia na tumbo langu. Nikafika, namwona baba yako anainuka kutoka shimoni, mwekundu kichwa mpaka mguu, macho ya usingizi, anasema, "Mama! Karibu, Mama!" Eti karibu. Mama yake akarudi nyuma, kuku akaponyoka akaingia kwenye mahindi ya jirani. Majirani nao walikuwa wamesikia nduru, wakaanza kuruka ua. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Koros, mwenye ng'ombe, na maskini alikuwa ameshachukua sepetu kabisa, tayari kusaidia. Akaona shimo, akaona rundo la udongo, akavua kofia yake akasema kwa upole, "Poleni sana. Ni nani?"

Na baba yako akajibu, "Ni mimi."

Haki nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Alimaanisha ni yeye anayechimba, lakini ungemwona alivyosimama kaburini na udongo kwenye nywele! Koros akacheka, wamama wakacheka, hata baba yako mwenyewe. Nikifuta machozi ya kicheko nikageuka, nikaona uso wa mama mkwe wangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

("Mwambie ulicheka mpaka lini," anasema huyu wa kwenye kochi. Kumbe anasikia.)

Nyanya yako aliokota kikapu chake. Hakuonja hata maji. Akafika langoni akasema, na sauti yake haikuwa ya juu, "Boma lenye kaburi wazi mimi siingii. Tafuteni mgomba, muuzike humo, mfukie. Siku mtakayofukia ndiyo siku nitakayokanyaga hapa." Akaondoka.

Wewe umekulia huku karibu na mji, huenda haya huyajui. Kwetu kaburi likichimbwa haliachwi hivi hivi likae linasubiri. Na kama aliyekufa hakupatikana, alizama ama alipotelea mbali, watu wanalaza shina la mgomba badala yake, wanafukia, shauri linaisha. Sasa kwa macho ya mama yule, sisi tulikuwa tumechimba kaburi nyuma ya nyumba mpya, mke ana mimba, na bwana wa nyumba amelala ndani analipima kwa mwili wake.

Baba yako naye ni kichwa ngumu, unamjua. Akasema yeye hajachimba kaburi, amechimba kazi, na hafukii. Kesho yake akashika jembe akaendelea kulirefusha na kuongeza kina. Tukamtumia mama yake sukari kupitia kwa mtu wa Turbo, sukari ikarudi. Tukatuma salamu, hazikujibiwa. Kila ikirudi hivyo baba yako alikuwa anachimba kwa hasira zaidi, na usiku anakohoa.

Na mimi hapo katikati nikawa naogopa. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Mwanamke wa kunishika mkono wakati wa kuzaa, wa kukupokea wewe, wa kukupa jina la ukoo, alikuwa ni huyo mmoja tu aliyekataa kukanyaga kwangu. Nilikuwa nalala nikijiuliza, mtoto huyu atazaliwa kwenye boma ambalo nyanya yake amelisusa, atakuwa mtoto wa nani? Utanisamehe nikisema hivi, lakini kuna siku niliangalia lile shimo nikatamani kulifukia mwenyewe kwa mikono yangu, kikohozi kiwe kikohozi.

Badala yake nikaenda Turbo. Sikumuaga baba yako vizuri, nilisema tu naenda sokoni.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Hakusema karibu, ila alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa, nikachukua hindi, nami nikaanza kupukuchua. Tulipukuchua mpaka kidole gumba kikaanza kuniuma.

"Ulicheka," akasema.

"Nilicheka, Mama. Naomba unisamehe."

"Unajua niliona nini?"

Sikujua. Ndipo akaniambia habari za kijana wake wa kwanza, kaka mkubwa wa baba yako. Nilikuwa nasikia jina kwa minong'ono tu, hakuna aliyekuwa anapenda kulizungumzia. Alikuwa utingo wa lori, kijana wa kuimba barabarani, anafanana na baba yako kama sahani mbili za seti moja. Alikuwa analala juu ya mizigo usiku kwenye baridi. Kifua kikamshika, akakohoa msimu mzima, akafa hata kabla hajaoa. Siku ya kumzika, mama yake alisimama ukingoni mwa kaburi akaangalia chini, akamwona amelala chali. "Na wewe ukaniletea mwingine," akaniambia, "uso ule ule, udongo ule ule, halafu ukacheka."

Nililia, mwanangu. Nililia juu ya hayo mahindi. Hakunibembeleza, aliniacha nilie nimalize. Halafu akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niolewe.

"Nasimiyu. Shimo limenikasirisha, lakini wewe umeniudhi zaidi. Mume wako alikuwa amelala humo tangu saa ngapi?"

"Sijui, Mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni. Ungetema mate yangemfikia. Na hujui." Akaweka hindi chini. "Mwanaume akienda kazi mjini, unamwambia nenda salama, na jioni unatega sikio, ukisikia lango unatoka kumpokea. Sasa huyu ameleta kazi nyuma ya nyumba. Nani anamuaga? Nani anampokea? Mnadhani kwa sababu yuko nyumbani, basi amefika. Hajafika, mtoto wangu. Yuko kazini kama wengine, tofauti ni kwamba hakuna anayemngojea."

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, wengine kwa kelele, lakini hakuna karipio lililoniingia kama lile la uani Turbo.

Nikamuuliza, "Mama, basi tulifukie?"

Hakujibu hilo. Aliniuliza, "Bado anakohoa?"

"Anakohoa. Daktari amemkataza kulala chini, ndiyo maana anachimba, afanye kazi amesimama."

Nilimwona anapima, mwanangu, nilimwona kabisa. Upande huu shimo linalofanana na lile lililommezea mtoto, upande ule baridi ya kulala chini, kama ile iliyomuua. Akachukua hindi jingine, akaligeuza mkononi bila kulipukuchua.

"Hilo shimo lenu lina ngazi?"

"Hapana, Mama. Anaruka kuingia, na kutoka anajivuta kwa mikono."

"Basi ndiyo maana ni kaburi. Kaburi halina ngazi. Mwambie ajenge ngazi, huku na huku. Mtu ashukie upande mmoja atokee upande wa pili. Akimaliza, aniite."

Nilirudi nikamwambia baba yako nilikokuwa. Alikasirika kidogo, halafu akaenda kukaa peke yake ukingoni mwa shimo lake. Niliporudi kumwangalia alikuwa anapanga mawe. Alijenga zile ngazi kwa mawe na simiti, akazikwaruza juu kwa msumari ili mafuta yakimwagika mtu asiteleze. Kuta akazipiga tofali, kwa sababu tulishaona mvua ikianza udongo huu wetu unabomoka. Chini akaweka mteremko na kishimo kidogo cha kukusanya maji, ili yachotwe. Alifanya polepole na vizuri kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote hapa nyumbani, na kabati langu la vyombo ni shahidi.

Mama yake alikuja. Safari hii alipitia langoni. Habari zilikuwa zimetembea, kwa hiyo majirani walikuwa na sababu zao za kupitapita, mara huyu anatafuta mbuzi, mara yule anaazima chumvi. Mzee Koros naye alikuwepo, bila sepetu. Nyanya yako hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka shimoni, akavua viatu vyake vya raba akaviweka kando, akashika sketi yake, akaanza kushuka.

Baba yako akasema, "Mama, hapana, wewe ni mzee," akataka kumfuata. Nikamshika shati.

Alishuka mpaka tukabaki kuona kitambaa cha kichwa, halafu nacho kikatupotea. Akakaa humo chini. Tulisikia sauti yake, anaongea pole pole, na hakuwa anaongea na sisi. Baba yako akafunika uso. Mimi nililishika tumbo langu, nawe siku hiyo ulikuwa umetulia kabisa.

Halafu kitambaa kikaonekana upande wa pili. Akapanda ngazi moja moja, mkono ukutani, anahema, upindo wa sketi umeshika vumbi jekundu. Alipofika juu akajikung'uta.

"Nimeingia na nimetoka na miguu yangu," akasema. "Mama yake ndiye wa kwanza kulipita. Sasa ni shimo la kazi." Akamgeukia baba yako, akamkamata sikio, mwanaume mzima na ndevu zake, mbele ya Koros na wote. "Na wewe ukiingia, utasema. Na huyu atakujibu. Na ukitoka utasema." Halafu akaniuliza kama chai iko. Akaingia nyumbani kwangu, akakaa, akanywa, akaomba kikombe cha pili. Nilimmiminia nikiwa siwezi kuona vizuri kwa machozi.

Hakuondoka tena mpaka ukazaliwa. Yeye ndiye aliyekushika. Alikuangalia usoni kwa muda, akasema, "Huyu ni Wekesa," jina la kijana wake, jina ambalo halikuwa limetamkwa kwa sauti nyumbani kwao tangu siku ile ya mazishi. Baba yako alitoka nje akaenda kulia kwenye gereji. Usikatae, mzee, nilikusikia.

Na kikohozi kikaondoka, taratibu, kama mgeni anayeaga mara nyingi.

Ulikua ukisikia sisi tunaitana, ukadhani ni mchezo wa wazee wako. "Mama Wekesa, naingia!" Nami popote nilipo, nina mikono ya unga ama nina hasira naye, najibu, "Ingia, nakungoja!" Tukigombana nilikuwa namjibu hivyo hivyo, ila kwa sauti ya kununa. Halafu kuna siku moja ulikuwa shuleni. Aliingia, nikamjibu. Baadaye nikamwita, nikasikia anajibu kama mlevi, maneno yanavutika. Tangi la gari la mtu lilikuwa linavuja petroli, na mvuke wa petroli ni mzito, unateremka unakaa chini shimoni kama maji. Nilipiga kelele, nikamwambia toka, toka sasa hivi, shika ngazi! Akatoka kwa magoti na mikono. Alilala kwenye nyasi akitapika, nami nimemkumbatia kichwa, namtukana na kumbusu. Kama angekuwa anaruka na kujivuta kwa mikono, asingeweza. Kama ningekuwa sijui yuko wapi, ningemwita chakula kikishaiva.

Sasa wewe umenionyesha picha. Ni gereji nzuri, Wekesa, najivunia. Lakini nimetafuta ngazi kwenye hiyo picha, sikuona. Umeweka taa, umeweka redio, umeweka mpaka mahali pa friji ya soda. Zijenge za simiti, na siku zikikauka uniite, nitashuka mimi. Usicheke. Najua magoti yangu, na baba yako ameshaanza kunicheka hapo alipo, lakini nitashuka hata kama ni kwa kukalia kila ngazi, na mke wako atanishika mkono.

Haya ndiyo nakuambia, mwanangu, uyachukue uende nayo. Chimba shimo lako, usiogope, ni kitu chema, limemponya baba yako. Lijengee kuta kabla ya mvua ya mwezi wa nne. Liwekee mbao za kufunika, kazi ikiisha funika, una watoto wadogo na wa jirani hawajui mipaka. Petroli ikivuja usishuke, acha upepo upite kwanza, na sigara isikaribie hapo hata ya mteja mkubwa. Lakini hayo yote unaweza kuyasoma kwenye simu. Ambalo simu haitakuambia ni hili: usiingie kazini kwa siri kwa sababu eti uko kwako. Muage mke wako hata kama yuko dirishani anakuona. Na yeye umfundishe kukupokea, jioni, na mafuta yako, kama mtu aliyetoka mbali. Mtu anayefanya kazi nyumbani ndiye rahisi kusahaulika, na tunaowasahau si wageni, ni hawa tunaowapenda tukadhani wapo tu. Mimi niliambiwa hivyo na mwanamke aliyekuwa na haki ya kunifukuza uani kwake, akanisogezea kigoda.

Naogopa kidogo, sitakuficha. Mama yeyote angeogopa. Lakini njoo hapa, inamisha kichwa, mkono wangu haufiki huko juu.

Mungu aibariki mikono hii, ipate kazi na isiumie. Aibariki nyumba yako, isikose mtu wa kuitika. Kifua chako kiwe kizima. Na uzeeke, mwanangu. Aliyelibeba jina hili kabla yako hakupata nafasi hiyo, hakuona hata unywele mmoja mweupe. Wewe uzeeke kwa ajili yako na kwa ajili yake, mpaka wajukuu wachoke kukuinua kitini.